Kibaba Kisichojaa

Kwetu nyumba hurithiwa na binti kitinda mimba.
Ndivyo nilivyoipata: bati, jiko, deni la dukani,
na nyuma ya banda la kuku, juu ya nguzo ya saruji,
kopo la chuma ambalo mtu wa Nagoya hulilipia kodi.

Jina lake Tsukasa. Alifika mwaka wa maporomoko
na betri, masanduku, viatu vya mjini.
Mama alimvika ungo wetu wa mvua, ule wa mwanzi
unaokaa mgongoni kama gamba la kobe,
kisha akacheka hadi akaketi matopeni.
Skrubu ya mwisho ilikazwa saa nane usiku, tochi kinywani.

Ndani ya kopo mna vijiko viwili, mgongo kwa mgongo.
Kimoja kikijaa kinainama, kinamwaga, chenzake kinapokea.
Tak. Nusu milimita. Tak.
Haba na haba, wanasema,
lakini kibaba hiki hakijai:
kikikaribia tu, hupinduka,
kikabaki na hesabu.

Asubuhi zisizo na wingu, adimu kama sikukuu,
naiona Bangladeshi kutoka mlango wa jikoni,
tambarare, mabwawa yake kama vioo vilivyodondoshwa.
Huko Sunamganj yuko Tofazzal,
msomaji wa nguzo yenye mistari myekundu
karibu na gati la sokoni.
Mvua yangu ndiyo mto wake.
Hatujawahi kuonana. Katikati kuna seng'enge
na askari wa pande mbili wanaokunywa chai ileile.

Nambari yangu hairuhusiwi kushuka mlima.
Hupanda kwanza: setilaiti, Nagoya,
Bangkok, ambako Sirikanya huipanga
pamoja na theluji ya Tibeti na ukungu wa Laosi,
halafu Dhaka, mihuri, halafu simu ya Tofazzal.
Maji yenyewe hushuka tu.
Mwaka wa kwanza yaliitangulia kwa saa tano.

Wakaitisha kikao. Mimi sikuwapo, nilisimuliwa.
Watu wa nchi saba walibishana siku mbili:
siku ya mvua huanza lini?
Wa kwetu walisema saa mbili na nusu asubuhi.
Wa Dhaka wakasema saa tatu, wala hawasogei.
Nusu saa ikawa mpaka wa pili.
Sirikanya akaziandika saa zote ubaoni,
akazigeuza, akasimama kimya, kalamu hewani:
ni dakika moja.
Dakika ileile, yenye majina mawili.
Miaka yote hiyo, mimi nikiinamia kopo,
yeye alikuwa anainamia nguzo.

Kisha usiku mmoja wa Juni
buibui akafuma ndani ya kijiko.
Paa lilinguruma hata hatukusikizana,
na Nagoya wakaona sifuri, sifuri, sifuri.
Tsukasa akapiga: "Ibanri, kwenu kumekauka?"
Nikaielekeza simu darini, asikie mwenyewe.
Nikatoka na ungo, chupa kuukuu ya mama,
na fimbo aliyoichonga alama kwa kisu cha tambuu;
nikapima kila robo saa hadi vidole vikafa ganzi,
nikizitaja nambari kwa kupiga kelele,
naye akiziandika kwa mkono
huko kwake, kulikokwisha kucha.

Safari hii nambari ilifika saa tisa usiku,
maji saa kumi na mbili.
Jibu lilirudi kwa njia ileile ndefu:
"Ng'ombe wametoka. Mpunga wa ghalani haukuwahi.
Mwambieni dada wa mlimani amtoe buibui."

Nimemtoa. Anaishi kwenye boriti ya jikoni sasa.
Saa ya ukutani inasema mbili na dakika ishirini na nane.
Nachukua daftari.
Kule chini, mtu anavua viatu.